Nani Anawasha Mishumaa?

Mwizi alikuwa ameshakufa. Nilimkata kutoka kwenye utando wa buibui, shukrani yake ikawa kutimua mbio na ukucha wa dhahabu, na hatua chache mbele wafu wakamalizana naye. Nikauokota ukucha nikaendelea kushuka, hadi kwenye ukumbi wenye ule mlango wa mawe wa duara tatu. Aliyecheza gemu la Skyrim hahitaji kuelezwa. Unageuza ukucha, unaangalia kiganja chake, unapanga picha za wanyama, mlango unazama ardhini. (Ufunguo uliochorwa siri ya kufuli kwenye kiganja chake! Aliyebuni ulinzi wa kaburi hilo alistahili kufukuzwa kazi siku hiyohiyo.)

Mlango huo nimeshaufungua katika michezo kadhaa, na wahusika tofauti. Safari hii sikuufungua mara moja. Niligeuka nikaangalia nilikotoka, kwenye vyumba vya mazishi, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu ambacho kilikuwepo siku zote.

Mishumaa ilikuwa inawaka.

Majambazi waliishia kule juu, karibu na lango. Mwizi mwenyewe alinaswa kabla ya kufika. Hakuna mtu hai aliyekanyaga chini huku kwa karne nyingi, na mishumaa imesimama mirefu kana kwamba imewashwa leo asubuhi.

Nilijua jibu la kivivu: ni gemu, na mchezaji anahitaji mwanga. Kwa wiki kadhaa nililirudia jibu hilo, na kila nilipolirudia lilizidi kunikera.

## Zamu ya wafu

Jibu zuri zaidi limo ndani ya gemu lenyewe. Kuna kitabu kimoja, mojawapo ya vile vitabu tunavyoviokota na kuviuza bila kuvisoma, ambamo mtafiti mwanamke anasimulia alivyoishi kaburini akiwachunguza draugr, wale wafu wanaotembea, kwa utulivu badala ya kuwakata vichwa. Anachokiona ni kwamba wafu hao hawalali tu. Wanaamka kwa zamu, wanasujudu mbele ya jeneza la kuhani wao, wanasafisha eneo lake, kisha wanarudi kulala.

Nilipokisoma tena nilifurahi kuliko inavyostahili mtu mzima kufurahia jambo kama hilo. Kumbe kaburi lina watumishi. Kumbe mimi, ninayeingia na upanga nikivunja mitungi, nimeingia katikati ya zamu ya mtu.

Ila furaha hiyo ilinifungulia shida nyingine. Nilianza kuuliza swali lilelile kila nilipoingia mahame yoyote. Nani anatunza hapa? Na sehemu nyingi, hasa zile ngome za mawe zilizotapakaa kando ya barabara, swali halikupata wa kulijibu.

## Ukuta ule ule

Chukua ngome yoyote ya Skyrim. Fort Greymoor magharibi ya mji wa Whiterun, Fort Amol kando ya mto, Fort Hraggstad kule juu karibu na mji wa Solitude. Tunaziita zimetelekezwa, na kwenye ramani zina sura hiyo: mnara mmoja umepasuka, kipande cha ukuta kimeporomoka, paa limetoboka. Lakini ukiingia hukuti utupu hata siku moja. Kuna majambazi, au wachawi, au wale wanaofufua maiti. Zote zina wapangaji.

Unawaua. Ramani inaandika kwamba mahali hapo pamemalizwa. Muziki unatulia.

Halafu wanarudi. Kanuni yake inajulikana: mahali ulipopamaliza panajipanga upya baada ya siku 30 za ndani ya gemu, yaani saa 720, ulipoingia bila kumaliza ni siku 10. Kwa kuwa saa ya Skyrim inakimbia mara 20 ya saa yetu, hizo siku 30 ni saa 36 za kukaa mbele ya skrini, na zinapungua sana ukiwa mtu wa kulala vitandani na kusafiri kwa ramani. Ukirudi unakuta chumba kimetandikwa kama cha hoteli: majambazi wapya, masanduku yamejaa, mizoga haipo.

Ukuta ulioporomoka, hata hivyo, umeporomoka palepale.

Hili ndilo lililokuwa likinikwaruza muda wote na sikuwa nimepata jinsi ya kulisema. Ngome hizi hazijakosa watu. Watu wa kuhamia wapo tele, wanapokezana bila kukoma. Aliyekosekana ni mmoja tu wa kuokota jiwe na kulirudisha lilikotoka. Genge zima la majambazi, wenye misuli na muda wa kutosha, wanaota moto chini ya paa lililotoboka, theluji ikiwaangukia kwenye sufuria, na hakuna anayefikiria ubao na misumari.

Hata majeshi hayafanyi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikifika, Legioni, yaani jeshi la Dola, na waasi wa Stormcloaks wanamwaga damu wakigombea ngome hizihizi. Unapigana, upande wako unashinda, askari wenye sare wanasimama juu ya buruji. Buruji lenyewe bado lina pengo linaloweza kupitisha mkokoteni. Wamefia boma ambalo hawana mpango wa kulikarabati.

Nikajiuliza kama nadai mno. Mtengeneza gemu ana mambo elfu ya kufanya, na ukuta unaojijenga taratibu kwa miaka si jambo dogo kiufundi. Kweli. Lakini sikuwa nadai ukuta ujengwe. Nilitaka kuona dalili kwamba kuna mtu, mahali fulani, anasumbuliwa na ule ukuta kama ninavyosumbuliwa mimi.

## Mlango wa nyuma

Kuna jambo jingine ambalo ukishaliona huwezi kuacha kuliona.

Ukimaliza pango au kaburi la Skyrim, ukishamwangusha mkubwa wa mwisho na kufungua sanduku kubwa, karibu kila mara kuna njia ya mkato. Unanyanyua komeo, au unavuta mnyororo, au unaruka kutoka kwenye kingo usiyoweza kuipanda, na ghafla uko pale ulipoanzia. Ni hisani kwa mchezaji. Nani anataka kurudi kilomita nzima kwenye korido tupu?

Sasa ufikirie kama mjenzi wa kale. Umechimba kaburi la kuhani wa majoka. Umeweka mitego ya mishale, mashoka yanayobembea, mlango wa mafumbo. Kisha, hatua tatu kutoka kwenye jeneza, umeweka mlango wa siri unaotokea karibu na lango kuu, wenye komeo upande wa ndani. Kwa ajili ya nani? Marehemu hatoki. Makuhani wangehitaji kuutumia kuingilia, na komeo liko ndani. Mlango huo unamfaa mtu mmoja tu, mgeni aliyekuja kuiba na sasa ana haraka ya kuondoka.

Kaburi zima limechorwa kumzunguka mwizi wake.

Na mawe yenyewe ni vipande vya seti moja. Timu ndogo ya wabunifu ilitengeneza seti za vipande, yaani korido, kona, ngazi, matao, nguzo iliyovunjika, kisha wakaviunganisha kwa mamia ya namna. Ndiyo maana ufa uliouona ukutani kaskazini unaukutana nao tena kusini, ufa uleule, na mzizi uleule umetokeza humo. Silalamiki, bila njia hiyo dunia kubwa kiasi kile isingekamilika. Ila inamaanisha kwamba uvunjikaji wenyewe ulijengwa. Ile nguzo haikuwahi kuwa nzima. Hakuna toleo la zamani la ngome ile lililokuwa na paa, ambalo muda ukalila. Lilizaliwa gofu.

Hapo ndipo nilipokaribia kuachana na jambo lote. Kama hakuna kilichovunjika, namwomboleza nani?

## Hateno

Kilichonirudisha ni gemu jingine, na ukuta mwingine.

Katika Breath of the Wild ya mwaka 2017, gemu la mfululizo wa Zelda, unashuka kutoka kwenye uwanda wa mwanzo hujui lolote, na njia ya mashariki inakupitisha kwenye tambarare lenye tope na nyasi. Limejaa Guardian waliokufa, zile mashine zenye miguu mingi ambazo mwanzoni mwa gemu zikikulenga umekwisha. Hapa zimepoa, zimeota kutu na moss. Nyingi mno. Unapita katikati yake kwa woga, maana huna hakika kama zote zimekufa kweli, na mbele unauona ukuta wa Fort Hateno.

Mizoga imerundikana mbele ya ukuta. Nyingine zimekwama zikiukwea.

Unapita langoni. Barabara inaendelea, miti inazidi, na mwisho wake kuna kijiji kizima chenye paa, mifugo na watoto wanaokimbia. Baada ya nusu ya ufalme kuwa majivu kwa miaka 100, unakuta watu wanaanika nguo.

Hakuna aliyenieleza kitu. Nilisimama kwenye lango la kuingilia kijijini na ndipo akili ikaunganisha: pale ukutani ndipo Guardian walipozuiwa. Kijiji kipo kwa sababu ukuta ule upo. Baadaye unapata kumbukumbu inayokuonyesha siku yenyewe, nani alianguka pale na nani aliinua mkono, lakini kwangu ilikuja kama uthibitisho tu. Mahali palikuwa pameshasema.

Na ukuta ule pia ni vipande vya kompyuta. Nao ulizaliwa umevunjika. Hiyo haikunipunguzia chochote, kwa sababu umewekwa kati ya kitu na kitu. Ukiuhamisha mita mia tano kokote, hadithi inavunjika. Ukiihamisha Fort Greymoor mita mia tano, majambazi wanahama nayo na hakuna anayegundua.

Kwa hiyo swali langu la nani anatunza lilikuwa na ndugu yake: ngome hii inatunza nini? Magofu mengi ya fantasia yana pengo ukutani bila kuwa na kitu nyuma ya ukuta.

## Yale tuliyoyajua yakiwa mazima

Kwenye gemu hilohilo kuna Ranch Ruins, katikati ya Hyrule, ule ufalme wenyewe. Uzio ulioanguka, uwanja wa mviringo, mabaki ya jengo. Kwa mtu aliyeanza Zelda mwaka 2017 hapo ni mahali pa kuokota silaha na kukimbizwa na Guardian. Kwa aliyecheza Ocarina of Time ya 1998, mpangilio ule unamkaba koo, kwa sababu ni Lon Lon Ranch, shamba la mifugo la gemu lile la zamani. Alishapanda farasi pale. Anaujua wimbo wa pale.

Hapo nguzo haikuzaliwa imevunjika. Ilikuwa nzima kwa miaka 19, ndani ya kichwa cha mchezaji.

Skyrim ina moja tu iliyokaribia hilo, nayo ni Helgen. Tunaingia tukiwa tumefungwa mikono kwenye mkokoteni, kuna mtoto anaambiwa aingie ndani, kuna watu barazani. Dakika chache baadaye joka limeshaifuta. Ukirudi baadaye unakuta majambazi wamehamia, kama ilivyo ada. Gemu halikupi hata ndoo ya maji. Haishangazi kwamba mashabiki wametengeneza modi, yaani nyongeza zao wenyewe za gemu, za kuijenga upya Helgen, wakaweka watu, walinzi na paa. Miaka yote hiyo ngome kadhaa zimekaa na mapengo yao bila wengi kujali, lakini mji waliouona ukiungua, huo hawakuuvumilia.

## Nchi isiyotoa kitu

Nilikuwa na nadharia nzuri kufikia hapo, kisha Shadow of the Colossus ikaivuruga.

Gemu hilo la 2005, la Fumito Ueda, lina nchi kubwa yenye madaraja, mahekalu na malango ya mawe, na ndani yake hakuna mwanakijiji, hakuna jambazi, hakuna duka. Kuna wewe, farasi wako, majitu 16, na mijusi. Magofu yake hayalindi kijiji. Hayaelezi vita gani vilipita. Hakuna anayeyafagia. Kwa vipimo vyangu vyote yalipaswa kuniacha baridi, na ndiyo magofu yaliyonigusa kuliko yote.

Sina maelezo yanayokaa sawa kuhusu hilo. Nadhani ni kwa sababu yanakataa kunihudumia. Hakuna sanduku mwisho wa ngazi. Unapanda dakika kumi kwenye miamba, unafika kwenye baraza la mawe, upepo unavuma, basi. Hekalu halikujui na wala halina haja na wewe.

Kilichotokea kwa wachezaji kinafurahisha. Wengi hawakuweza kuamini kwamba nchi kubwa namna ile haina kitu. Kwa miaka walitafuta siri ya mwisho, jitu la 17, mlango uliofichwa. Walipekua kila kona, wakapanda kuta zisizopandika, wakafungua faili za gemu. Toleo lililoundwa upya mwaka 2018 likawapa walau kitu: sarafu 79 zimefichwa kwenye magofu, na ukizikusanya zote unafungua upanga mpya.

Naelewa kwa nini waliziweka, ni heshima kwa watafutaji wale. Lakini nilipoanza kuziokota niligundua nimeacha kuangalia juu. Nilikuwa naangalia sakafu.

## Bibi wa Greymoor

Nirudi kwenye ngome ya majambazi, maana nimeisema vibaya na kuna mtu mmoja sijamtaja.

Ukipigana ukaingia ndani ya Fort Greymoor, unaweza kumkuta mama mzee aitwaye Agnis. Hakushambulii. Ni mtumishi wa hapo. Ukimsemesha, msimamo wake ni kwamba wenye ngome wanakuja na kuondoka, majambazi, askari, kwake ni mamoja; yeye ana kazi zake. Ukiua kila mtu, anabaki. Askari wakihamia, anabaki.

Wachezaji wengi wanakutana naye kwa sababu moja tu: kundi la wauaji linatoa kandarasi ya kumuua. Ni kazi rahisi kupita zote kwenye orodha. Bibi kizee, hana silaha wala mlinzi anayejali, malipo ni ya kawaida.

Nimezunguka Skyrim nikilalamika kwamba hakuna anayesumbuliwa na ngome, kumbe yupo mmoja, na gemu limempa mistari michache ya maneno. Hawezi kunyanyua jiwe la ukuta. Hilo si lake. Lakini kila genge linalopita pale linakula kwenye sahani ambazo mtu ameziosha, na baada ya kufahamu hilo nimeshindwa kuiona Greymoor kama gofu. Ni nyumba ya Agnis yenye wapangaji wabaya.

Fort Dunstad kule kaskazini ina dalili ya aina hiyo pia: ndani ya boma, barabara ikikatiza katikati yake, kuna kilabu cha pombe chenye jina lake kabisa. Majambazi wanapora wasafiri, kisha wanakaa kwenye viti na kuagiza. Kuna mtu aliwaza kuweka kaunta. Nimejikuta nikiikagua kaunta hiyo kwa muda mrefu kuliko sanduku la mkuu wao.

Kuhusu ile kandarasi, katika mchezo wangu wa sasa nimeichukua, kwa sababu imo kwenye orodha ya wale wauaji na mimi nina tabia ya kumaliza orodha. Bado sijaenda. Nimejaribu kujishawishi kwamba ataonekana mwingine baada ya siku 30, kama wale majambazi. Hapana. Wenye majina hawarudi.